SOMO KWA WATUMISHI: KUREJESHA KOMPYUTA BAADA YA DISKI KUU KUHARIBIKA

Watumishi wa ofisi za serikali na wakazi wa Wilaya za Tarime na Serengeti wanafahamishwa kuwa diski kuu ya kompyuta inapoharibika, kupatikana kwa diski mpya si mwisho wa kazi. Programu hupatikana tena. Barua na rejista za ofisi haziuzwi dukani.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na umeme ukikatika ghafla kompyuta ikiwa inaandika, mafaili huweza kuharibika, pengine na diski yenyewe. Diski inayotoa sauti ya kugonga izimwe mara moja. Kuiwasha tena na tena kwa kubahatisha humaliza kilichobaki.

Yaliyoingizwa katika mifumo ya serikali, kama vile MUSE, hayakai katika kompyuta ya mezani bali katika seva. Kinachopotea ni mihutasari ya vikao, orodha na barua zilizokuwa katika diski hiyo peke yake.

Diski mpya ikishafungwa, huwekwa kwanza mfumo endeshi, halafu programu za kuendesha kadi ya mtandao na printa, kisha kinga ya virusi na programu za kazi. Mafaili hurudishwa mwisho. Programu ya kadi ya mtandao ichukuliwe mapema kwa kompyuta nyingine, kwani bila hiyo mashine huenda isiifikie intaneti kabisa. Aidha, kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme, betri yake ndogo ikiwa imechoka, hurudi na tarehe ya zamani. Tovuti nyingi hukataa kufunguka, na lawama humwendea mtoa huduma za mtandao bure.

Mipangilio iandikwe daftarini kabla ya ajali: jina la kompyuta, anwani yake ya mtandao, printa na folda za pamoja. Maneno ya siri yasiandikwe humo. Nakala ya mafaili ikae jengo jingine, si katika droo ya meza ileile, na kila mwezi faili mojawapo lifunguliwe kuthibitisha kuwa linasomeka.

Diski iliyokufa isiuzwe kama chuma chakavu wala kuachwa kwa fundi wa mtaani. Taarifa za wananchi zilizomo huweza kusomwa kwa vifaa maalumu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ikabidhiwe kwa ofisa TEHAMA wa halmashauri, kwa maandishi.