Asiyeanguka Haumwi? Msamiati wa Kifafa na Umakini wa Mtoto wa Shule

Makala haya yanachunguza pengo moja katika msamiati wa Kiswahili wa maradhi, pengo ambalo mtoto wa Jego, upande wa Vanga, huweza kuadhibiwa kwalo darasani. Huko Kivumba, Kidigo na Kiswahili cha shule hukutana kila siku. Kitenzi kimoja kinachoandamana na kifafa ni kuanguka. Asiyeanguka huhesabiwa mzima.

Hata hivyo, kipo kifafa kisichoangusha. Mtoto hunyamaza ghafla, macho yakiwa yamekodoka mahali pamoja kwa sekunde chache, kisha huendelea kuandika kana kwamba hapakuwa na jambo. Imla imekwisha kumpita maneno matatu. Hali hiyo huweza kumrudia mara nyingi kwa siku, naye mwalimu huona uzembe tu.

Pwani ina majina mengine, degedege na nyuni, yanayohusishwa na ndege anayedhaniwa kumpitia mtoto. Majina hayo hutaja mtukutiko wa mwili. Hayasemi lolote kuhusu kinachobaki baadaye. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi, ambako kituo kilianzishwa mwaka 1989, wameonyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria kali hubaki na kifafa, au matatizo ya lugha na ya umakini. Dawa nayo ina lake. Fenobabito, ambayo ni nafuu kwa bei, huzuia mitukutiko lakini huweza kumfanya mtoto asinzie au asitulie. (Kuikatiza ghafla ni hatari zaidi, wa kuibadili ni daktari.)

Utata mkubwa umo katika neno usikivu. Hubeba kusikiliza kwa makini, hubeba pia utiifu. Ripoti ya shule ikisema mtoto "si msikivu", mzazi husoma utovu wa adabu, na fimbo haiko mbali. "Hashiki" nayo huchanganya asiyekumbuka na asiyewahi kusikia kwa kuwa fahamu zilimtoka kidogo. Umakini ni afadhali, kwani halimlaumu mtu.

Wapo watakaopendekeza istilahi "kifafa cha kuzubaa". Ina picha nzuri, ila kuzubaa tayari ni lawama. "Kifafa kimya" ingefaa zaidi. Kabla istilahi haijakubaliwa, maelezo ya kawaida yanatosha. Mwalimu akiandika, "Husita katikati ya sentensi, macho hukodoka, haitiki hata akiguswa, kisha huendelea", mganga wa hospitali ya Msambweni atakuwa na pa kuanzia.