Jabali, Kivuli na Saa za Mwajiri: Maswali na Majibu kwa Mkwezi Afanyaye Kazi Ugenini

Wako vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambao ofisi yao ni kompyuta na mwajiri wao hajapata kuwaona ila kiooni, na miongoni mwao wamo walioingiwa na mapenzi ya kukwea majabali kwa kamba, nao huniuliza waende nchi gani ya joto wakakwee bila kuivunja ajira. Maswali yao nimeyakusanya hapa, nikaacha yale ya namna ya viatu na rangi ya kamba, ambayo muuza duka yeyote atayajibu.

Maalim, nitazame nini kwanza: uzuri wa jabali, gharama, au intaneti?

Kabla ya hayo yote matatu, tazama saa. Jabali lililoelekea magharibi huwa kivulini tangu alfajiri hata adhuhuri, kisha jua hulipiga mpaka kuchwa. Lililoelekea kusini, katika nchi zilizo kaskazini ya Ikweta, huota jua karibu mchana kutwa wakati wa baridi. Na mtu aliyeajiriwa hana uhuru wa kukifuata kivuli wala jua, maana saa zake zimekwisha kununuliwa. Sharti basi alinganishe saa ambazo jabali hukweleka na saa ambazo mwajiri humtaka mezani, na pale penye nafasi ndipo aende, ijapokuwa picha za mahali pengine zinapendeza zaidi.

Wala asidanganyike na neno joto. Jiwe la chokaa, ambalo ndilo la majabali mengi mashuhuri ya mchezo huu, huteleza vidole vinapotoka jasho, na unga wa magnesia tunaojipaka mikononi hauwezi kushindana na jua la mchana; mkwezi mzoefu hutafuta hewa ya digrii 10 hadi 20, kisha huota jua akiisha kushuka.

Mwajiri wangu yuko Nairobi, nami natakiwa kazini saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Je, si afadhali nchi ambayo saa yake ni moja na yetu?

Hasha! Watu wengi hudhani hivyo, na Uturuki ndiyo ya kuwazindua. Nchi ile iliacha kubadilisha saa mwaka 2016, na tangu hapo saa ya Antalya ni saa ya Nairobi mwaka mzima. Na huko Geyikbayırı, mwendo mfupi wa gari kutoka mjini, yako majabali mazuri ya chokaa ambayo wakwezi wa Ulaya huyakimbilia wakati wa baridi. Lakini mwezi wa Januari jua la huko huchomoza saa mbili asubuhi imekwisha kupita, na huchwa yapata saa kumi na mbili jioni, hivyo wewe uliye mezani muda huo utabakiwa na saa moja hivi, ambayo haitoshi hata kufika, kuvaa mkanda na kupasha viungo moto. Utakwea siku za mapumziko tu, na siku hizo mvua ikinyesha umekwenda bure.

Sasa tazama El Chorro, kusini ya Uhispania, ambako treni ya kutoka Málaga huwashusha wakwezi karibu na korongo lile la Caminito del Rey, njia ya ubao iliyoning'inizwa katika genge na kufunguliwa tena mwaka 2015. Wakati wa baridi saa ya huko iko nyuma ya yetu kwa saa mbili, kwa hiyo saa mbili ya Nairobi ni saa kumi na mbili ya alfajiri kwako: utaamka gizani, utafanya kazi wengine wakiwa wamelala, na saa tisa alasiri utaifunga kompyuta ukiwa na saa tatu za nuru mbele yako. Tena majabali yale makubwa ya mbele, waitayo Frontales, yameelekea kusini, hivyo huyakuta bado yana uvuguvugu. Kwa mtu wa Afrika ya Mashariki aliyeajiriwa nyumbani sijaona mpango wa miezi ya baridi ulio bora kuliko huu.

Upande wa pili wa dunia, Railay na Tonsai za mkoa wa Krabi, nchini Thailand, hukupa asubuhi badala ya alasiri. Saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa nne, kwa hiyo kazi huanza saa sita mchana na kwisha saa tatu usiku, nawe unakwea tangu mapambazuko, ukichagua majabali yaliyo kivulini asubuhi. Msimu ni Novemba hadi Machi, na mahali hapafikiki ila kwa mashua. Jambo moja ulikague: bolti za jabalini. Mtu wa pwani ameona chumvi inavyoyala mabati. Basi huko hata chuma cha pua hupasuka kwa ndani huku uso wake ungali unang'aa, ndiyo maana mafundi wamekuwa wakizing'oa bolti za zamani na kuweka za titani zilizogandishwa kwa gundi. Njia isiyo na titani iache.

Nami mwajiri wangu yuko New York?

Basi nenda Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki kilichokuwa mashuhuri kwa wapiga mbizi wa sifongo kabla Mwitaliano Andrea di Bari hajayatambua majabali yake mnamo 1996. Majabali yaliyo juu ya vijiji vya Masouri na Armeos kwa sehemu kubwa yametazama magharibi, kukikabili kisiwa kidogo cha Telendos, hivyo huwa kivulini hata mchana. Na saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri ya Kalymnos. Utakwea asubuhi, utaoga, utakula, utalala kidogo, kisha utaingia kazini na kutoka saa sita usiku. Miezi ya Septemba hadi Novemba ndiyo mizuri, ila Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na katika siku hizo za katikati mkutano wako wa saa kumi utakuwa saa tisa; mwandikie bwana wako mapema. Majira ya baridi usiende, kwani nyumba nyingi za wageni pale Masouri hufungwa.

Viza je?

Hapa wenye pasi za Kenya na Tanzania hawana wepesi walio nao Wazungu, na haifai kujifanya kwamba mambo ni sawa. Viza ya kutembea ya Schengen ni siku 90 katika kila siku 180, nayo ni ya matembezi. Uhispania, kwa sheria ya Desemba 2022, na Ugiriki, kwa sheria ya 2021, zina viza za wafanyao kazi kwa mtandao, lakini Ugiriki hutaka kipato cha euro 3,500 kwa mwezi. Thailand ilianzisha yake mwaka 2024: ni ya miaka mitano, kila kuingia siku 180, na mwombaji huonyesha akiba ya baht 500,000. Fauka ya hayo, nchi nyingi humhesabu aliyekaa zaidi ya siku 183 kuwa mlipa kodi wao, basi usikae mpaka ukasahau hesabu.

Nimesikia Oman kuna majabali. Ni kweli?

Ni kweli, na mimi nastaajabu kwamba Waswahili hawaendi. Jebel Misht, ambalo Wafaransa walilikwea kwa nguzo yake ya kusini-mashariki mwaka 1979, ni la wajuzi, kwani ni refu na vifaa vya kujilinda huvitia wewe mwenyewe nyufani; lakini yako na majabali mafupi yenye bolti katika milima ya Hajar. Saa imetutangulia kwa moja tu, mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi, na huko Nizwa au Maskati si ajabu mzee akakujibu kwa Kiswahili cha Unguja. Novemba hadi Machi tu. Kiangazi chake ni tanuri.

Intaneti nitaijuaje kabla sijalipa kodi ya nyumba?

Mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya video kutoka katika chumba utakachofanyia kazi, saa zile zile utakazofanya kazi, na umuulize umeme ukikatika hufanyaje. Ukifika, nunua laini ya kampuni nyingine iwe akiba.

Nami nasafiri peke yangu. Nani atanishikia kamba?

Wakwezi hukutana mikahawani, na hapo Masouri au El Chorro hutakosa mwenzi. Lakini siku ya kwanza kwea njia nyepesi yeye akikushikia, nawe utazame mikono yake: mkono ulioshika kamba upande wa breki usiachie hata anapozungumza na mpita njia. Kisha pimeni kamba kwa njia. Kamba ya mita 70 hushusha mtu kutoka mita 35 tu, na Kalymnos kuna njia nyingi zilizopita hapo, ndiyo maana wengi huchukua ya mita 80. Na ncha ile ya chini ipigwe fundo kila mara, hata njia ikiwa fupi, kwa sababu kamba isiyo na fundo huponyoka katika kifaa cha mshikaji na mkwezi akaanguka. Mwenzi atakayekucheka kwa kupiga fundo hilo, mshukuru kwa adabu, utafute mwingine.