Kabla ya Kununua Gari Kuukuu
Wapendwa wanandoa, akiba ya nyumba ni jasho la wawili. Isimalizwe kwa gari ambalo mmoja wenu hajaliona. Nendeni pamoja, mchana, na fundi wenu, si wa muuzaji. Guseni boneti kabla injini haijawashwa: ikiwa na joto, huenda mnafichwa kwamba gari huwaka kwa shida likiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Linganisheni nambari ya chesisi na ya kitabu cha gari, kisha mtafute rekodi ya NTSA kupitia eCitizen: mwenyewe ni nani? Je, kuna benki inayolidai? Kabla ya hapo, msilipe hata shilingi. Gari hupatikana tena. Uaminifu ukivunjika nyumbani, fundi wake ni adimu.