Haki Baada ya Talaka

Tuseme mume wa Mtoni, Unguja, amemwacha mkewe waliyeishi pamoja miaka 30. Je, mke aondoke na nguo zake tu? La, hasha! Kurani Tukufu yaagiza mtalaka apewe kitu kwa wema (2:241), na mahari aliyopewa, hata yakiwa mengi, mume asiyatwae (4:20). Kama yuko mtoto anyonyaye, baba atoe chakula na mavazi ya mama. Wala mzazi yeyote asitaabishwe kwa ajili ya mtoto wake (2:233). Tena Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya mwaka 2017 yamruhusu Kadhi kugawa mali ya ndoa kwa mchango uliothibitishwa. Basi, mke aliyenunua mabati kwa fedha ya ukili na alete mashahidi. Kudai haki si ukaidi.