Mauzo ya mafuta yamepanda? Hesabu lita kwanza

Umefungua stetimenti ya simu yako na kuona pesa ulizolipa kituo cha mafuta zimeongezeka. Je, umesafiri zaidi, au ni bei tu imepanda? Mwenye kituo naye hujiuliza hivyo hivyo till yake ikisoma juu. Jibu liko kwenye lita.

Mwezi wa mafuta huanza tarehe 15

Hapa Kenya, EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa kila tarehe 14. Bei hiyo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ukichukua stetimenti ya tarehe 1 hadi 30, umechanganya bei mbili. Chukua ya 15 hadi 14.

Mfano wa kituo

Septemba 2023, petroli ya super jijini Nairobi ilipanda kutoka Sh194.68 hadi Sh211.64 kwa lita. Tuseme kituo kiliuza hivi:

- 15 Agosti hadi 14 Septemba: Sh1,946,800, yaani lita 10,000
- 15 Septemba hadi 14 Oktoba: Sh2,010,580, yaani lita 9,500

Kwa shilingi, mauzo yamepanda kwa Sh63,780. Kwa lita, yameshuka kwa 500. Lakini ngoja kidogo: kipindi cha kwanza kina siku 31, cha pili 30. Ukigawa kwa siku, kituo kimetoka karibu lita 323 hadi 317. Biashara imeshuka kidogo tu, ila haijapanda.

Hili ni muhimu kwa sababu faida ya muuzaji kwenye bei ya EPRA huwekwa kwa kila lita. Ukiona shilingi zimeongezeka ukaajiri mtu wa pili wa pampu, mshahara wake utautoa wapi?

Na usisahau kesh. Wateja wakianza kulipa kwa simu badala ya noti, till itapanda hata kama hujauza tone zaidi. Jumlisha zote mbili.

Mfano wa boda boda

Ukijaza mafuta ya Sh400 kwa siku, siku 26, unatumia Sh10,400. Kwa bei ya Agosti ulipata lita 53.4, kwa bei mpya, lita 49.1. Stetimenti inaonyesha pesa ile ile, lakini tangi limepungukiwa zaidi ya lita 4. Kupata lita zile zile ungehitaji kuongeza Sh900 na kitu. Hapo ndipo unajua kama nauli ya zamani bado inakulipa.

Fanya hivi kila mwezi

1. Toa stetimenti ya tarehe 15 hadi 14.
2. Jumlisha malipo yote ya mafuta, na kesh pia.
3. Gawa kwa bei ya lita mjini kwako. Bei ya Mombasa si ya Nairobi.
4. Gawa lita kwa idadi ya siku.
5. Linganisha na mwezi uliopita.

Kidokezo: ukilipa kwenye pampu, hakikisha jina la kituo na kiasi kabla ya kuweka PIN. Malipo yaliyoenda kwenye namba isiyo sahihi yatakuharibia hesabu, na mfuko pia.