Radi, Mito na Utabiri: Somo la Siku za Mwisho wa Mei Mpakani

Siku zijazo zitakuwa kama zilivyo siku nyingi za mwisho wa Mei katika nchi yetu ya Busia na Tororo. Asubuhi itakucha angavu, na jua litachoma mapema. Kufikia saa sita mchana mawingu meupe yatakuwa yameanza kurundikana upande wa Mlima Elgon, na kuanzia saa nane hadi usiku kuna uwezekano wa mvua ya ngurumo. Asidanganyike mtu na habari za kwamba masika yanakwisha. Hayo ni ya Nairobi. Kwetu magharibi mvua hupungua mwezi wa Juni, lakini haiagi.

Katika somo la toleo hili tunataka kufundishana namna ya kuusoma utabiri wenyewe, kwa sababu wengi wetu huusikia redioni na kuudharau. Utabiri ukisema mvua itanyesha, kisha isinyeshe katika shamba la msikilizaji, husemwa kwamba wataalamu wamekosea. Mara nyingi hawakukosea. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotaja “maeneo machache”, huwa na maana ya chini ya theluthi moja ya eneo lililotajwa; “baadhi ya maeneo” ni kati ya theluthi moja na mbili; “maeneo mengi” ni zaidi ya theluthi mbili. Kwa hiyo Nambale inaweza kulowa na Matayos ikabaki kavu, na utabiri ukawa kweli. Kenya huiweka Busia yake pamoja na bonde la Ziwa Victoria, nayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda huziweka Tororo na Busia yake katika kanda ya mashariki. Tunawashauri msikilize zote mbili, kwa maana wingu halipiti kwenye kituo cha pamoja cha forodha wala halipigiwi muhuri.

Vipimo navyo vina maana yake. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Onyo la mvua ya milimita 20 linaonekana dogo, lakini juu ya paa la mita 30 za mraba ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Mzidishe hayo kwa kila paa na kila mteremko kuanzia Elgon hadi hapa, ndipo mtakapoelewa kinachotokea mtoni.

Na hapa tuna neno kwa wale wanaovuka kwa njia za panya. Mto Malaba unatoka kwenye miteremko ya Elgon, na Mto Sio unatoka upande wa Bungoma, kisha sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wenyewe hadi ziwani. Mvua ikinyesha huko juu, maji hutufikia baadaye, pengine usiku, wakati huku kwetu mbingu ni safi na nyota zinaonekana. Mtu aliyevuka asubuhi maji yakiwa magotini akarudi jioni na mzigo kichwani hukuta mto mwingine. Tunajua kwa nini watu hupita huko, na suala la ushuru tutalizungumza mahali pake. Lakini maji yakiwa ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na yamepanda tangu asubuhi, pita darajani. Ni afadhali tukutane pale kwenye ukaguzi kuliko tuje kukutafuta mtoni.

Lakini jambo linaloua bila kungoja mafuriko ni radi. Vitabu vya hali ya hewa vya karne iliyopita viliutaja mji wa Tororo miongoni mwa miji yenye ngurumo nyingi zaidi duniani, kwa zaidi ya siku 200 katika mwaka. Sababu yake ni mahali tulipo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, na hewa yenye unyevu huingia kutoka ziwani. Hukutana na upepo wa mashariki na miteremko ya mlima, ikalazimika kupanda juu sana hata maji yake yakaganda. Chembe za barafu zinapogongana ndani ya wingu, umeme hujikusanya, na hatimaye hutafuta njia ya kushuka.

Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa darasani. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, watu 14 walikufa wakiwa katika ibada chini ya jengo la mabati. Hawa wote walikuwa chini ya paa. Ndiyo sababu tunasema wazi kwamba paa la mabati peke yake, bila waya wa kinga uliozikwa ardhini, si kimbilio la kutegemea. Na mwembe ulio peke yake uwanjani ni mbaya zaidi, kwa kuwa radi ikipiga mti huruka hadi kwa aliyeegemea, au hupita ardhini hadi kwenye miguu yake. Viatu vya mpira havisaidii.

Kimbilio jema ni jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, mkiwa mbali na kuta na swichi, au gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa. Wafanyabiashara wa Malaba wana bahati katika jambo hili, kwani foleni ya malori wanayoilalamikia kila siku ni safu ndefu ya vyumba vya chuma. Madereva, tunawaomba mfungue milango. Waendesha bodaboda waache pikipiki, wasikae chini yake wala chini ya mti. Wavuvi wa Majanji na Port Victoria wasisubiri ngurumo. Wingu likianza kuwa jeusi, mtumbwi urudi pwani.

Hesabu sekunde tangu mmweko wa umeme hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Walimu wakuu wanaweza kuliweka jambo hili kuwa kanuni ya shule, hasa saa ya kuwaachia watoto, ambayo bahati mbaya ndiyo saa ya ngurumo.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse mara moja, na kama hapumui msukume kifua kwa nguvu na kwa mfululizo hadi msaada ufike. Wengi huweza kuokolewa katika dakika hizo za kwanza.

Limebaki jambo zito. Baada ya radi kuua, huanza minong’ono kwamba imetumwa, na jina la mzee au mjane fulani hutajwa kabla maiti haijazikwa. Wingu tulilolieleza hapo juu halitumwi na mtu. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, hulifanya kuwa kosa kumshutumu mtu hadharani kuwa mchawi, na kuchoma nyumba au kupiga mtu ni jinai katika nchi zote mbili. Ukisikia jina likitajwa katika matanga, mweleze chifu au mwenyekiti wa kijiji usiku huohuo, au tupigie 999 au 112, namba zinazotumika Kenya na Uganda, ili tufike kwa huyo mzee kabla ya kundi.