Mchezo Mmoja Haumtoshi Mtoto: Mafunzo Niliyopata Matembwe

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilicheza pete, mikono na wavu, na mashindano ya riadha yakifika nilikimbia mita 800. Leo mimi ni mwalimu wa michezo hapa Matembwe, mkoani Njombe. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Michezo hulishana. Katika pete hukai na mpira zaidi ya sekunde 3, wala hutembei nao. Mikono nayo ina sekunde 3, ila unaruhusiwa hatua 3. Binti aliyeanzia kwenye pete akihamia mikono, huwa ameshaona pa kupasia kabla mpira haujamfikia. Anayetoka mikono kuja pete huleta pasi kali inayopenya kati ya walinzi wawili. Mimi wavu ndio ulionifundisha kuruka kwa wakati, na ukanifaa sana nilipolinda goli la pete. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza simfungii kwenye mchezo mmoja, hata awe hodari kiasi gani. Bado anakua. Akirudia mwendo uleule kila jioni, magoti yatalalamika kabla hajafika kidato cha nne.

2. Walimu wakae pamoja. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, kila kocha humtaka mtoto yuleyule, naye kwa heshima hakatai. Anaishia kufanya mazoezi mara tatu kwa siku. Ratiba iwe moja, na siku ya kupumzika iandikwe humo.

3. Sahani kabla ya filimbi. Mkoa wetu unavuna mahindi, maharage, viazi na parachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao ndio wachezaji wetu wa kesho. Kocha asiyeuliza mchezaji wake amekula nini mchana hajaanza kazi.

4. Baridi ya Juni na Julai si ya kupuuza. Pasheni misuli kwa muda mrefu zaidi.

5. Darasa lisiachwe. Suleiman Nyambui alipopata medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko El Paso, Texas. Baadaye akawa kocha. Wanafunzi wangu huwa nawasimulia habari zake, kwa sababu miguu huchoka mapema, na mwenye elimu hubaki na kazi michezoni.

Wazazi wa Matembwe, Lupembe na Makambako, nawaomba jambo moja. Binti akiomba kubaki uwanjani hadi saa kumi na moja jioni, mruhusuni, na maji ya jioni hiyo wakachote kaka zake.